Halloween kabla ya plastiki: tanipu, karatasi na moto

Katika jumba la makumbusho la Turlough Park, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, kuna uso mmoja unaotisha kweli. Macho yamezama, meno yamechongoka, ngozi imekunjamana kama ya maiti. Ukiambiwa ni tanipu utakataa. Tanipu ni mzizi mgumu wa jamii ya kabichi. Watu wa Ireland na Scotland waliukomba ndani, wakauchonga uso na kuweka mshumaa kwa ajili ya usiku wa tarehe 31 Oktoba. Na hicho kilichopo Turlough Park si tanipu yenyewe, ni nakala ya plasta. Ile halisi, iliyotoka Donegal, ilikuwa inaoza, ndipo wakaona bora waitengenezee nakala.

Kwa mtu wa historia hili ni tatizo la kila siku: mapambo ya zamani ya Halloween hayakuacha mabaki. Yaliliwa, yalichomwa au yalirudi shambani. Wa miaka elfu moja ijayo hawatapata shida hiyo kwetu sisi, maana tutakuwa tumewaachia poliesta ya kutosha.

Leo familia nyingi za Marekani na Uingereza zinatafuta namna ya kusherehekea Halloween bila kujaza dampo. Ushauri wanaopewa karibu wote unasema: rudini kwenye vitu vya kutengeneza wenyewe, kama zamani. Ni ushauri mzuri. Ila hiyo "zamani" ina sura zaidi ya moja, na mojawapo iliunguza watu.

Tuanze na sura ya kwanza. Samhain ilikuwa sikukuu ya Wagaeli ya kuaga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakati ambapo wafu na viumbe visivyoonekana viliaminika kuwa karibu. Baadaye ikaungana na mkesha wa Watakatifu Wote wa Kanisa. Vijana walijipaka masizi usoni, wakavaa majani makavu ya nafaka na nguo kuukuu zilizogeuzwa ndani nje, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa tofaa na karanga. Hakuna aliyekuwa anatunza mazingira hapo. Walikuwa maskini tu, na masizi yalikuwa ya bure.

Njaa kubwa ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja kuhama nchi, wengi wakienda Amerika. Huko walikuta boga. Boga ni mwenyeji wa Amerika, limelimwa Mexico kwa karibu miaka 10,000, na kwa mchongaji ni neema: kubwa, jepesi kukombwa, lina uwazi tayari katikati. Aliyewahi kujaribu kukomba mzizi mgumu kwa kijiko atanielewa.

Sasa tufike kwenye karatasi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyouza karatasi za krepu (zile laini zenye mikunjo tunazozungushia kumbi za sherehe), ilitoa kijitabu cha mawazo ya Halloween kiitwacho *Bogie Book*. Muda si mrefu kikawa kinatoka kila mwaka. Ndani yake mama wa nyumbani alifundishwa kushona gauni la mchawi, kupamba meza, kuning'iniza popo na paka weusi ukutani. Maelekezo yalikuwa rahisi: chukua nguo ya zamani ya kitambaa chepesi, shonea karatasi juu yake, basi.

Ukikitazama juu juu utasema ni kazi ya mikono safi kabisa. Na kweli ilikuwa kazi ya mikono. Lakini kampuni ilikuwa imegundua jambo la ujanja mno: ukimfundisha mtu kutengeneza kitu kwa malighafi yako, tena malighafi isiyofika kesho, mwaka ujao atarudi dukani. Kwa maoni yangu, Halloween ya kununua na kutupa ilianzia hapo, kwenye mkasi na gundi, kabla plastiki haijaingia.

Halafu kulikuwa na moto. Karatasi ya krepu ni nyembamba na mikunjo yake inashika hewa, yaani ina kila kitu ambacho mwali unakihitaji. Mvalishe mtoto gauni la namna hiyo, mpitishe karibu na boga lenye mshumaa unaowaka. Hapo hupati hata nafasi ya kukimbilia maji. Hatari haikuwa kwenye karatasi peke yake. Katika miaka ya 1940 kulitokea majanga ya watoto waliovaa suti za kuchezea za "cowboy" zenye manyoya ya rayoni, ambayo yaliwaka kwa kasi ya kutisha. Majanga hayo yalichangia kupitishwa kwa sheria ya Marekani ya vitambaa vinavyoshika moto, mwaka 1953.

Wakati huo mavazi ya dukani yalikuwa yanapanda chati. Ben Cooper, kampuni ya Brooklyn, iliuza kinyago cha plastiki na joho jepesi ndani ya sanduku lenye dirisha, likiwa na picha ya Superman au mhusika wa Disney. Wazazi walilipa pesa kidogo wakaondokewa na kazi ya kushona, na watoto wakapata kufanana na mtu wa kwenye televisheni, jambo ambalo masizi hayawezi. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya kumeza dawa za maumivu zilizotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla ya Halloween, na hofu ikahamia kwenye kila kitu kisichofungwa kiwandani. Tofaa na biskuti za kuoka nyumbani, ambazo tayari zilikuwa zinashukiwa, zikazidi kukataliwa. Pipi ya karatasi ya nailoni ikawa ndiyo "salama".

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Hubbub na Fairyland Trust, yalichunguza mavazi 324 ya Halloween kutoka maduka 19, wakakuta asilimia 83 ya malighafi ni plastiki itokanayo na mafuta. Nyingi ni poliesta, ambayo kikemia ni ndugu wa damu wa chupa yako ya maji.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kuachana nayo afanye nini? Kubadilishana mavazi ya mwaka jana na majirani ni njia nzuri kuliko zote, kwa sababu haihitaji malighafi mpya kabisa. Maboksi ya katoni yanatengeneza roboti na nyumba za wachawi bila gharama. Lakini karatasi, pamba nyepesi na majani makavu bado vinawaka kama vilivyowaka mwaka 1909. Sufu inashika moto kwa shida zaidi kuliko pamba. Nguo ya kubana ni afadhali kuliko joho linaloburuza. Na ndani ya boga weka taa ndogo ya betri. Najua, betri nazo ni taka, ila hapa mimi nachagua ngozi ya mtoto, na betri za kuchaji zipo.

Boga lenyewe linabaki. Yale makubwa ya rangi ya machungwa yanayouzwa kwa kuchongwa, mengi ni ya aina ya Howden, iliyokuzwa na mkulima John Howden wa Massachusetts miaka ya 1960. Alitafuta umbo zuri na kikonyo imara, si utamu. Ukilipika halitakuua, ila utalikuta limejaa maji na nyuzi. Likitupwa dampo na kufukiwa pasipo hewa, bakteria hulivunja na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto angahewa takribani mara 28 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Likikatwakatwa likachanganywa na majani makavu kwenye shimo la mboji lenye hewa, methani hupungua sana. Nta ya mshumaa na rangi viondolewe kwanza, na mbegu zitolewe zikaangwe, la sivyo mwakani shimo zima litaota maboga.