Mshipa Uliohamishwa: Moyo wa Mtoto wa Suma Baada ya Upasuaji

Mkulima wa parachichi huko Suma, wilayani Rungwe, anajua kwamba kubebesha mche hakuishii siku ya kufunga utepe. Kikonyo kikishashika, shina hunenepa, na utepe usipolegezwa kwa wakati huukaba mti palepale kwenye kiungo. Swali la makala hii ni la namna hiyohiyo: mshipa uliohamishwa katika moyo wa kichanga utakua pamoja naye?

Wako watoto wanaozaliwa mishipa miwili mikubwa ya moyo, aota na ateri ya mapafu, ikiwa imebadilishana mahali. Damu yenye oksijeni kidogo huzunguka mwilini, midomo hugeuka rangi ya bluu, na wasipotibiwa wengi hawafikishi mwaka. Mwaka 1975 Adib Jatene wa Brazili alifaulu kuirudisha mishipa hiyo mikubwa mahali pake. Kilichokuwa kimewashinda waliomtangulia ni ile midogo. Ateri za koronari, zinazolisha msuli wa moyo wenyewe, sharti zikatwe pamoja na kipande cha ukuta wa aota, mfano wa kifungo cha shati, kisha zishonwe upya mahali pengine. Katika kichanga, upana wa kila mshipa wa aina hii ni kama milimita 1 hadi 2. Mshipa ukijipinda au ukivutika, msuli wa moyo hukosa damu mgonjwa akiwa bado mezani.

Kwa kawaida mshipa huo hukua. Moyo wa gramu 20 hivi unaelekea gramu 300 za utu uzima. Msuli unadai damu zaidi, mtiririko unaongezeka, na ukuta wa mshipa unaitikia kwa kupanuka. Hatari ipo kwenye kovu la mshono, ambalo halikui kama nyama iliyo hai. Tena upasuaji hukata neva za moyo, hivyo mshipa unaweza kuziba bila mtoto kulalamika kifua hata mara moja. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Wapo watakaosema fedha chache tulizo nazo ziende kwanza kwenye upasuaji, si kwenye ufuatiliaji wa baadaye. Siafikiani nao, maana sehemu kubwa ya ufuatiliaji inahitaji vifaa ambavyo kliniki inavyo tayari: mizani na kipimo cha urefu. Upana wa koronari hausomeki bila ukubwa wa mwili; mshipa unaomtosha mtoto wa kilo 12 unaweza kuwa mwembamba mno akifika kilo 40. Kadi yenye uzito na urefu wa kila ziara, ikiambatana na picha za moyo kwa vipindi vilivyopangwa, humwonyesha daktari bingwa mahali ukuaji wa mshipa ulipoachana na wa mwili.

Na mhudumu wa kliniki, mama anapofika na mwanawe, asiishie kuuliza kama kifua kinauma. Amuulize kama mtoto bado anapanda kilima cha kwenda shule sambamba na wenzake, au siku hizi huketi njiani.