Mzee Staples na Wanawe

Mtu avukaye Mnazi Mmoja jioni, akitoka Mchafukoge kwenda Kariakoo, husikia nyimbo za injili zikitoka madukani kwa sauti kuu. Magita na ngoma zilizomo ni zile zile za dansi, wala hapana mpita njia ageukaye kushangaa. Walakini zamani haikuwa hivyo. Mwezi wa Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul, maana yake roho, usipigwe tena katika madansi ya mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa upotovu wa kigeni uwaharibuo vijana. Watu wakabishana magazetini. Wako waliofurahi, na wako waliouliza: Je, muziki wa wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika waweza kuitwa mgeni kwetu?

Nasi hatutaki kuamua shauri lile la zamani. Twataka kueleza jinsi muziki ule ulivyotoka kanisani, na njia iliyo nyepesi ni kusimulia habari za nyumba moja tu, nyumba ya Mzee Staples.

Roebuck Staples alizaliwa tarehe 28 Desemba 1914 karibu na mji wa Winona, katika jimbo la Mississippi. Jina lake lachekesha kidogo. Lilikuwako Marekani duka kubwa lililouza vitu kwa barua, jina lake Sears Roebuck. Wazazi wake wakampa mwana mmoja jina la Sears, na huyu wakamwita Roebuck. Alikulia katika shamba la pamba la Dockery. Jumamosi usiku watu wa shambani walikusanyika kumsikiliza Charley Patton, fundi mkubwa wa gita na wa nyimbo za huzuni ziitwazo blues, na kijana Roebuck akajifunza kwa kumtazama vidole. Jumapili aliimba kanisani. Basi tangu ujana wake mambo hayo mawili yalikaa pamoja moyoni mwake, ingawa wazee wa kanisa waliyatenga kama mafuta na maji.

Mwaka 1936 alihamia Chicago na mkewe Oceola, pamoja na watoto wao wawili, Cleotha na Pervis. Baadaye wakazaliwa Yvonne, Mavis na Cynthia. Huko alifanya kazi machinjioni na viwandani, na kwa miaka mingi hakulishika gita. Aliimba na wanaume wenziwe katika kundi la nyimbo za dini, lakini wenziwe hawakuhudhuria mazoezi. Leo waja wawili, kesho haji mtu. (Kila mwalimu wa kwaya aujua ugonjwa huu.) Akachoka, akarudi nyumbani, akanunua gita la bei ndogo, akawaketisha watoto wake sakafuni na kumpa kila mmoja sauti yake. Wale hawakuwa na pa kutorokea!

Mwaka 1948 walianza kuimba katika makanisa ya Chicago. Mavis, aliyezaliwa mwaka 1939, alikuwa bado mtoto mdogo, na sauti yake ilikuwa nzito ya chini, hata watu waliomsikia katika redio hawakusadiki kwamba ni mtoto wa kike. Wengine waliwekeana dau. Gita la baba nalo halikuwa kama magita mengine. Alilipitisha katika chombo cha umeme kilichoitetemesha sauti, ikapanda na kushuka kama mawimbi ya maji, na chini ya mawimbi hayo wanawe wakaimba kwa namna ya kale ya mashamba ya kusini. Wageni waliotoka Mississippi kutafuta kazi mjini walisikia humo nyumba za mama zao. Sisi twaona hiyo ndiyo siri yao: muziki ulikuwa wa mjini kwa chombo, na wa shamba kwa roho.

Santuri yao ya Uncloudy Day, iliyotolewa mwaka 1956 na kampuni ya Vee-Jay, ilinunuliwa na watu wengi sana. Hata hivyo baba hakuiacha kazi yake mara moja. Alingoja mpaka Mavis alipomaliza shule mwaka 1957, ndipo jamaa yote ikashika njia na kuimba ikawa ndiyo riziki yao. Katika safari za kusini hawakuweza kulala wala kula popote wapendapo, kwa maana hoteli na migahawa mingi ilikuwa ya wazungu peke yao.

Katika safari hizo walifika Montgomery, mji wa Alabama, wakamsikia Martin Luther King akihubiri. Baba aliporudi mahali walipofikia aliwaita wanawe, akawaambia kwamba neno alihubirilo mtu yule, wao nao waweza kuliimba. Tangu siku ile nyimbo zao zikabadilika. Mzee Staples alitunga wimbo kwa ajili ya watoto tisa weusi wa Little Rock, waliozuiwa mwaka 1957 wasiingie katika shule ya wazungu, na King akaupenda mno hata akawaomba wauimbe kabla hajasimama kusema. Mwaka 1965 watu walipoandamana kutoka Selma mpaka Montgomery, mwendo wa maili 54, baba akatunga Freedom Highway, yaani Njia Kuu ya Uhuru. Wimbo huo ulinaswa katika santuri ndani ya kanisa moja la Chicago, waumini wakiitikia na kupiga makofi.

Mwaka 1968, mwaka ule ule King alipouawa Memphis, jamaa hii ilifanya mkataba na kampuni ya Stax iliyokuwa na makao yake katika mji huo huo. Hapo ndipo nyimbo zao zilipoingia katika hesabu ya muziki wa soul. Mwaka 1971 wakatoa Respect Yourself, wimbo wa kumwonya mtu ajiheshimu mwenyewe kwanza, na mwaka 1972 I'll Take You There, ulioshika nafasi ya kwanza katika Marekani yote. Al Bell, mkuu wa kampuni, aliutunga akiwa katika msiba wa ndugu yake. Wapigaji wake wengi walikuwa wazungu wa Alabama, na mwendo wa ngoma yake ulitoka Jamaika. Wako watu wa kanisa walionung'unika wakasema jamaa ya Staples imeuimbia shetani, kwa sababu vijana waliucheza. Mavis aliwajibu kwamba wayasikilize maneno, kwa kuwa wimbo wasimulia mahali pasipo kilio wala uongo, napo ni mbinguni.

Twaomba msomaji azitazame tarehe. Machi 6, 1971, siku ya uhuru wa Ghana, jamaa hii iliimba Accra, katika Uwanja wa Nyota Nyeusi, mbele ya umati mkubwa, pamoja na Wilson Pickett, Tina Turner na wengine. Muziki uliokatazwa Dar es Salaam mwaka 1969 ulikaribishwa katika sikukuu ya taifa jingine la Afrika kabla ya miaka miwili kupita.

Lakini hatutaki kuwafanya malaika. Mwaka 1975 Curtis Mayfield aliwaletea wimbo wa sinema, Let's Do It Again, ambao ni wa mapenzi, hauna neno la dini ndani yake. Mzee Staples alikataa, akisema yeye ni mtu wa kanisa. Mayfield akambembeleza, mwisho akakubali, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza. Sisi twakupenda kule kukataa kwake kuliko wimbo wenyewe. Ila baba mwenye kulisha jamaa kwa kuimba ana hesabu zake, nasi hatukuwamo nyumbani mwake.

Baada ya hapo nyota yao ilififia, ingawa hawakuacha kuimba. Mzee Staples alifariki tarehe 19 Desemba 2000, zikiwa zimesalia siku chache atimize miaka 86. Cleotha alimfuata mwaka 2013, Yvonne mwaka 2018, Pervis mwaka 2021. Katika ugonjwa wake wa mwisho baba alimkabidhi Mavis nyimbo alizokuwa amezinasa bila kuzikamilisha, akamwambia asizipoteze. Mavis alizitunza miaka kumi na zaidi, kisha akatia sauti yake mahali palipopunguka, na mwaka 2015 zikatolewa kwa jina la agizo lile lile la baba: Don't Lose This, Usiipoteze Hii.