Chai, Sheria na Jina la Watu: Kuisoma Upya Kericho ya Wakoloni

Kahawa ya Kenya ilipata waandishi wake. Karen Blixen alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, shamba likamshinda, akarudi kwao Denmark na mwaka 1937 akatoa Out of Africa. Elspeth Huxley naye akaandika juu ya kahawa ya wazazi wake kule Thika katika The Flame Trees of Thika, 1959. Vitabu hivyo tumevisoma, tumevisifu, tumevitukana, na mitihani tumeifanya. Chai ya Kericho haikupata mwandishi wa umaarufu huo. Je, tuseme basi kwamba Kericho haina maandishi ya kikoloni ya kuhakikiwa? Hasha! Inayo tele. Ni sheria, ramani, hati za ardhi na barua za maofisa. Tatizo ni kwamba maandishi haya mhakiki wa fasihi huyapita kando na kusema, "Aa, hayo ni ya watu wa historia."

Katika makala haya ninapinga mgawanyo huo wa kazi. Dai langu ni moja: huko Kericho mkoloni aliwaandika watu kwanza, halafu ndipo akawahamisha. Na mtu aliyeandikwa vibaya anamhusu mhakiki, hata kama aliyemwandika si mwandishi wa riwaya.

Hebu tuanze na ardhi. Kericho iko kwenye nyanda za juu magharibi ya Bonde la Ufa, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na udongo wake unaipenda chai. Hii ni nchi ya Wakipsigis, wafugaji na wakulima wa wimbi. Mwaka 1905 majeshi ya Mwingereza yaliishambulia Sotik, na mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wakipsigis, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa ati wa amani. Kazi ya bunduki ikafuatwa na kazi ya kalamu. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 ilihesabu kuwa mali ya Mfalme hata ardhi waliyokuwa wakiikalia wenyeji, na ikamruhusu mlowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Miaka 999, jamani! Hata ngano zetu za kale hazithubutu kutia chumvi hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 zilimegwa kutoka eneo la Wakipsigis na kupewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa. Sasa msomaji angetegemea nini? Kwamba ardhi ingerudishwa kwa wenyewe, si ndiyo? Thubutu! Katikati ya miaka ya 1920 yakaingia makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, na chai ambayo ilikuwa imejaribiwa Limuru tangu 1903 ikapata makao yake makuu. Ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima chai hiyo kwa faida yake. Aliruhusiwa kuichuma tu. Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame majina. Katika maandishi ya kikoloni Wakipsigis hawaitwi Wakipsigis. Wanaitwa "Lumbwa", jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na Wamaasai, waliolitumia kwa dharau kuwaita watu wanaolima. Mwingereza alilichukua jina la mdomoni mwa jirani, akalibandika kwenye ramani na hata kwenye stesheni ya reli, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kipkelion. Yaani jamii nzima iliingia katika kumbukumbu za serikali kwa jina ambalo yenyewe haikulitumia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi kulikuwa na ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho. Mmoja huitwa orkoiyot, wengi wao orkoiik. Serikali iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Mwaka 1934 ikatunga sheria mahsusi ya kuwaondoa, na ikaiita Sheria ya Kuwahamisha Walaiboni. Walaiboni! Hili pia ni neno lililotoka kwa Wamaasai, oloiboni. Watu wapatao 700, wazee, kina mama na watoto, wakang'olewa Kericho na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye joto, malaria na mbung'o. Waliishi huko hadi karibu na uhuru. Sheria iliyowafukuza haikujisumbua hata kuwaita kwa jina lao.

Najua kuna mwenzangu atakayenikatiza hapa. Atasema, "Wewe bwana, jina ni jina tu. Hata wangeitwa orkoiik kwa herufi kubwa, wangehamishwa vilevile. Lililowahamisha ni tamaa ya ubepari, si msamiati." Hoja hii ina nguvu na sitaki kuikwepa. Ni kweli kwamba neno peke yake halina bunduki. Lakini tuiangalie sheria yenyewe inavyofanya kazi. Kumfunga mtu kwa kosa, serikali inahitaji mtu, kosa, shahidi na tarehe. Kuuhamisha ukoo mzima, mpaka mtoto anayenyonya, haihitaji kosa la mtu yeyote. Inahitaji aina ya watu. Neno "mlaiboni" ndilo lililoitengeneza aina hiyo: mchawi, mchochezi, adui wa maendeleo. Katika darasa la fasihi tunamwita mhusika wa namna hii mhusika bapa. Hana historia, hana nia inayobadilika, hana sauti. Ana sifa moja tu na mwandishi anaijua kabla hajaanza kuandika. Tofauti ni kwamba mhusika bapa wa riwaya anakera wasomaji, ilhali mhusika bapa wa sheria anahamishwa.

Wala tusije nasi tukafanya kosa lilelile kwa kuugeuza upande wa pili. Si kila Mkipsigis aliwapenda orkoiik. Wengine waliziogopa nguvu zao. Mhakiki anayewafanya Talai wote kuwa mashujaa wasio na doa anatoa ubapa mmoja na kuingiza mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ni kuonekana mtu kamili.

Nao waliochuma chai je? Wakipsigis wengi hawakuwa na haraka ya kwenda kuwa vibarua katika ardhi iliyokuwa yao. Kazi hiyo iliwavuta zaidi watu kutoka Nyanza na magharibi, Waluo, Wakisii na Waluhya, waliosukumwa na kodi. Katika miaka ya 1930 hata watoto walikuwa mashambani wakichuma. Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Kibarua ni barua ndogo: mtu aliitwa kwa jina la karatasi yake ya kazi. Na kipande, kile cheti cha lazima alichovishwa mwanamume Mwafrika shingoni ndani ya kikebe kuanzia mwaka 1920 hivi, ni kipande tu, sehemu ya kitu. Mkoloni alimpa mfanyakazi karatasi. Wafanyakazi wakalipa hali yao jina, na katika jina hilo wakaacha uhakiki wao. Linganisha: "mlaiboni" ni neno la kumficha mtu, "kibarua" ni neno linalofichua alivyofichwa.

Mambo haya hayajazikwa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilitoa uamuzi kuhusu dhuluma za kihistoria za Kericho. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 wawakilishi wao walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Madai kama hayo husimama au huanguka kwa maandishi na kwa kumbukumbu za wazee. Maandishi yaliyopo mengi ni ya yule yule aliyefukuza. Nani atayasoma kwa jicho la kuuliza msimulizi ni nani, na nani kanyimwa sauti? Hiyo ndiyo kazi tuliyofundishwa, na mwanasheria hakufundishwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wahadhiri wetu na kwa wanafunzi wenzangu. Kwanza, sheria ya 1934 isomwe katika somo la fasihi ya kikoloni, ikae meza moja na Blixen na Huxley. Pili, mwanafunzi anayefanya utafiti wa fasihi simulizi Kericho asirudi na nyimbo za jando na vitendawili tu. Awaulize waliozaliwa Gwassi walivyosimuliwa safari ile na wazazi wao, na ayaandike majina kama wao wanavyoyataja. Wazee hao ni wachache, na kila mwaka wanapungua.