Soul, Sinema na Wino wa Mlimani

Novemba 1969 Dar es Salaam ilipata habari mbili ambazo hadi leo husimuliwa kila moja kivyake, kana kwamba hazikukutana kamwe. Mjini, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul. Mlimani, kwenye Chuo Kikuu, wanafunzi walitoa toleo la kwanza la Cheche, jarida la siasa walilolichapa kwa mikono yao wenyewe. Habari ya kwanza ikawekwa kwenye historia ya starehe, ya pili kwenye historia ya siasa. Lakini swali lililokuwa chini ya habari zote mbili lilikuwa moja: nani mwenye haki ya kuamua Mwafrika aliyejitawala asikilize nini, atazame nini, na aione dunia kwa macho ya nani?

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, nje ya mji. Wanafunzi walikuwa wachache, wanasomeshwa kwa jasho la wakulima, na macho ya taifa zima yalikuwa juu yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana wakiwa na majoho yao kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukaa Mlimani bila kuulizwa anasoma kwa faida ya nani.

Habari za dunia hawakuzifuata mbali. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na MPLA walikuwa na ofisi katika mitaa ileile ambako wanafunzi walishuka kununua daftari. Bomu lililofichwa ndani ya kitabu lilipomuua Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, tarehe 3 Februari 1969, alikufa Oyster Bay, mwendo mfupi tu wa gari kutoka chuoni. Wapo waliokuwa wameshaiona vita yenyewe. Kundi la USARF, chama cha wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi kilichoanzishwa 1967 chini ya uenyekiti wa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni, lilivuka mpaka na kutembelea maeneo ya Msumbiji yaliyokwisha kukombolewa. Jumapili, wakati wengine wakipumzika, kulikuwa na madarasa ya itikadi, na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa miongoni mwa waliochochea mijadala hiyo. Hivyo kijana wa miaka ishirini na kitu angeweza kusoma habari ya Vietnam au Rhodesia gazetini asubuhi na kuijadili usiku na mtu aliyetoka vitani kwingine.

Magazeti yenyewe yalikuwa uwanja wa mapambano. The Standard lilikuwa bado mikononi mwa wenye mtaji wa nje hadi lilipotaifishwa Februari 1970. The Nationalist na Uhuru yalikuwa ya TANU, na la kwanza lilihaririwa na Benjamin Mkapa. Ngurumo lilisomwa mitaani, kwenye vibaraza na kwa vinyozi. Kurasa za barua za magazeti haya ndizo zilizobeba maoni ya vijana siku hadi siku, na ni hazina ambayo bado haijathaminiwa inavyostahili.

Chukua mjadala wa soul. Ulikuja baada ya Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyoanza 1 Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Wakuu waliona soul kuwa sumu ileile katika chupa nyingine: wanafunzi wanatoroka shule, wanacheza ovyo, wanaiga Marekani. Waliounga mkono marufuku walisema taifa linalojenga ujamaa halina haja ya kelele za watu wengine wakati redio inao NUTA Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz. Waliopinga walijibu kwa hoja nzito. Soul ni ya nani, waliuliza, kama si ya wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani? James Brown ana kosa gani ambalo rumba na cha-cha-cha havina, navyo vimevuka bahari vilevile? Huo ulikuwa uhakiki wa muziki wa hali ya juu, ulioandikwa na vijana ambao hakuna aliyewalipa, na unaishinda sehemu kubwa ya tunayosoma leo kuhusu muziki.

Sinema iliwagawa vijana pia. Mjini palikuwa na Empire, Avalon, Odeon na Empress, na kuanzia 1966 palikuwa na Drive-in ya Msasani, ambako familia zilitazama filamu zikiwa ndani ya magari. Leo hapo umejengwa ubalozi wa Marekani. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi, sambamba na za kauboi na za James Bond. Kwa mwanafunzi aliyetoka kumsoma Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, kuketi gizani akimshangilia mzungu mwenye bastola lilikuwa jambo la kujiuliza. Wengine waliona jibu si kulalamika bali kutunga. Ebrahim Hussein, aliyesomea hapohapo Mlimani, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na Vita vya Maji Maji vikapata jukwaa lake kwa Kiswahili.

Hamu hiyohiyo ya kukataa vya kuazima ilionekana Novemba 1968 katika mkasa wa Rag Day. Hiyo ilikuwa sherehe ya kurithi kutoka vyuo vya Uingereza: wanafunzi huvaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za hisani. Wana-USARF waliona ni kuwadhihaki maskini, ambao huvaa matambara bila kuigiza. Wakatoa upepo kwenye matairi ya malori na kuyazuia yasitoke. Msafara ukafa siku hiyo.

Mwaka mmoja baadaye wakawa na jarida. Cheche lilitolewa na USARF pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, likihaririwa na Karim Hirji, aliyekuwa akisoma hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Kazi ilikuwa ya kuchosha. Makala ilipigwa taipu juu ya karatasi ya stensili, na kosa moja lilimaanisha kupaka dawa, kungoja ikauke na kuanza tena. Kisha mashine ya kurudufu, wino vidoleni, kurasa kupangwa moja moja na kubanwa pini. Yote hayo yalifanywa baada ya masomo, bila malipo.

Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye andiko refu la mwenzao Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yasiyosikika nchini. Lilihoji kama mashirika ya umma yaliyotaifishwa yalikuwa kweli mikononi mwa wananchi. Novemba, mwaka mmoja tu tangu toleo la kwanza, serikali ikalipiga marufuku jarida na kuivunja USARF. Hoja mojawapo ilikuwa jina: Cheche lilifanana kimaana na Iskra, gazeti la Lenin, na Tanzania, walielezwa, haijengi ujamaa wa Kirusi. Ni sababu dhaifu kwa jarida lililosomwa kwa umakini kiasi kile.

Wino haukukauka. Mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana lilianza kutoa jarida la MajiMaji, na mabishano yakaendelea. Kumbukumbu za walioandika Cheche zilikusanywa na Hirji katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010. Na soul? Iliingia kwenye gitaa za vijana wa mjini. Bendi ya Sunburst, iliyozaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliichanganya na roki na midundo ya Kiafrika, na mwaka 1976 ikarekodi albamu ya Ave Africa nchini Zambia.