Kukinga Maji Ukambani: Kutoka Shuruti hadi Mwethya

Katika nchi ya Wakamba, kuanzia vilima vya Machakos na Mbooni hadi nyanda kavu za Makueni na Kitui, mvua huja kwa misimu miwili: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Sehemu kubwa hunyesha kwa kishindo, siku chache tu. Maji huporomoka vilimani, hujaza mito ya msimu kwa saa kadhaa, kisha hukimbilia Athi na Tana yakiwa yamebeba udongo wa shamba. Kwa karne nzima iliyopita, mkulima wa Ukambani alihangaika kuyazuia maji hayo. Historia hiyo inaonyesha kwamba kazi ileile iliyoshindikana kwa amri ilifanikiwa ilipokuwa mikononi mwa wenye mashamba.

Serikali ya kikoloni iliwabana Wakamba ndani ya mipaka ya hifadhi waliyotengewa, wakapoteza malisho waliyoyategemea wakati wa kiangazi. Ukame na nzige wa miaka ya 1930 viliwakuta hapo. Mwaka 1937, afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya makorongo na vilima vilivyobaki vitupu. Serikali ikawalaumu ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu, nayo mifugo hiyo ikatakiwa na kiwanda cha nyama cha Athi River. Zaidi ya watu elfu moja, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Serikali ilirudi nyuma, lakini Mbingu akahamishiwa Lamu kama mfungwa wa siasa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango wa maendeleo ya ardhi uliojulikana kama ALDEV ulianza mwaka 1946. Machifu waliwatoa watu kuchimba mitaro chini ya usimamizi, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameajiriwa mbali, mzigo uliwaangukia wanawake. Udongo ulitupwa upande wa chini wa mteremko, mitaro ikajaa upesi, na matengenezo yakasuasua. Wengi waliogopa pia kwamba ardhi ikishapendeza, Wazungu wataitwaa.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipohamia kwenye mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo Wakamba walikuwa navyo tangu zamani. Wanakikundi walizunguka shamba hadi shamba, nao wenyewe wakachagua viongozi. Wakulima walipendelea matuta ya ngazi na mtindo wa fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama na mteremko, udongo ukatupwa upande wake wa juu, na tuta likapandwa majani ya kulishia mifugo. Msimu baada ya msimu, udongo unaoshuka hunaswa na tuta, shamba likawa ngazi, na maji yakazama pale pale yaliponyeshea. Kahawa na mboga za kuuza Nairobi ziliipa kazi hiyo faida inayoonekana.

Baada ya uhuru juhudi zilififia, kisha zikafufuka. Kuanzia mwaka 1974 Sweden ilisaidia mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo, ingawa jasho kubwa lilibaki kuwa la wakulima. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya ya Machakos. Wakazi walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kupanda.

Kwenye mito ya msimu, kazi ilichukua sura ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, katikati ya mto. Mafuriko huacha mchanga mzito nyuma ya ukuta, huku tope jepesi likipita juu. Bwawa likishajaa mchanga, maji hukaa kati ya chembe zake: jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazaliani, na mchanga wenyewe huyachuja. Kingo za mto hunyonya unyevu, na watu wakalima sukuma wiki na kupanda miti hata kiangazi. Joshua Mukusya na wenzake walianza juhudi hizi Utooni mwaka 1978, na huko Kitui shirika la SASOL likajenga mamia ya mabwawa pamoja na wanavijiji.

Leo serikali za kaunti zina bajeti na mitambo ambayo wazee wa mwethya hawakuwa nayo. Zisiwapelekee watu bwawa lililokwisha kuamuliwa ofisini. Zikae kwanza na kikundi cha kijiji, zikubaliane nacho mahali pa ukuta, mashamba ya juu yanayopaswa kuwekewa matuta, na nani atarekebisha mafuriko yakibomoa. Makubaliano hayo yafanywe kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.