Chema Hakijiuzi: Du Bois na Tuzo za Wanasosholojia

Leo sina habari za theluji wala za bei ya nyumba. Nataka niwape historia kidogo, kwa sababu kuna wenzetu wamekuwa wakiniuliza kwenye simu hawa wanasosholojia wa huku wanafanya kazi gani hasa, na hizo tuzo wanazopeana kila mwaka ni za nini. Mjomba wangu mmoja alinitania, eti ni tuzo za kupiga soga. Mjomba, nimekusikia! Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo weka chai pembeni.

Sosholojia ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: nani anapata kazi na nani anakosa, kwa nini mtaa huu una shule nzuri na ule hauna, ndoa zinabadilikaje, na nani anaamua. Chama chao cha hapa Marekani kilianzishwa mwaka 1905. Kina tuzo za aina kadhaa. Ipo ya mtu aliyefanya utafiti mkubwa maisha yake yote. Ipo ya mwalimu aliyefundisha vizuri. Ipo pia ya yule anayeitumia elimu hii kazini, nje ya darasa, kwa mfano serikalini au kwenye mashirika yanayohudumia wananchi. Hebu angalieni mpangilio wenyewe: waandishi wa vitabu walianza kutuzwa miaka ya 1950, lakini walimu na watu wa vitendo walisubiri hadi miaka ya 1980. Nadhani walimu mnaosoma hapa mmetabasamu.

Sasa, mtu anapataje tuzo hiyo? Watu wengi wanadhani kuna wazee fulani wamekaa mahali wanaona kila kitu, halafu wanachagua aliye bora. Sivyo. Kamati husoma majina iliyoletewa. Lazima kwanza mtu mmoja akae chini aandike barua: namfahamu fulani, amefanya hiki na hiki, na faida yake ni hii. Anaambatanisha maelezo ya kazi za huyo mtu, anawatafuta wengine nao waandike barua za kumuunga mkono, kisha anatuma kabla ya siku ya mwisho. Baada ya hapo ndipo kamati inasoma na kulinganisha. Mshindi hupewa tuzo yake kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Kama hakuna aliyekuandikia barua, hata uwe umegundua dawa ya umaskini, kamati haikujui.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba radhi kwa wahenga, lakini historia ya tuzo hizi inaonyesha kwamba chema hakijiuzi chenyewe. Na ushahidi wangu mkubwa ni mzee mmoja anayeitwa W.E.B. Du Bois.

Wengi mnamfahamu kama mpigania umoja wa Waafrika. Ndiye aliyekuwa kwenye Kongamano la Umoja wa Afrika kule Manchester, Uingereza, mwaka 1945, pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, miaka mingi kabla hawajawa marais. Lakini kabla ya siasa mzee huyu alikuwa mtafiti, tena wa hali ya juu. Alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts. Akasoma Fisk, akasoma Harvard, akaenda Berlin, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari pale Harvard.

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri kwa muda ili achunguze maisha ya watu weusi katika Kata ya Saba ya mji wa Philadelphia. Walikuwa karibu watu 10,000. Hakukaa ofisini akasubiri ripoti. Alihamia huko huko na mkewe Nina, wakapanga, kisha akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiwa na karatasi za maswali. Kazi unafanya wapi? Kodi unalipa kiasi gani? Watoto wangapi wanasoma? Unajua kusoma na kuandika? Alizungukia nyumba kama 2,500, akachora na ramani ya mtaa kuonyesha nani anaishi wapi na kwa hali gani.

Kitabu chake kikatoka mwaka 1899, kinaitwa The Philadelphia Negro. Wakati ule wasomi wengi walisema watu weusi ni maskini kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Du Bois akaweka hesabu mezani: wamefungiwa kazi nzuri, wanatozwa kodi kubwa kwa vyumba vibovu, na wametoka utumwani juzi tu. Umaskini una historia, haumo kwenye damu. Leo hilo linaonekana jambo la kawaida. Mwaka 1899 lilikuwa jambo la kukufanya usipendwe.

Mnadhani chuo kikampa nini? Hakikumpa hata darasa la kufundisha. Mkataba ulipokwisha akaenda Atlanta, kwenye chuo cha watu weusi kisicho na pesa, na huko akaendelea na utafiti wake pamoja na wanafunzi hadi mwaka 1910. Walichapisha ripoti baada ya ripoti: kuhusu biashara za watu weusi, shule zao, makanisa yao, afya zao. Mwaka 1904 Max Weber, Mjerumani ambaye leo kila mwanafunzi wa sosholojia lazima amsome, alifika Marekani, akakutana na Du Bois, akamwomba aandike makala kwa jarida lake. Makala ikatoka Ujerumani mwaka 1906. Yaani aliyeko ng'ambo alimwona, lakini wa nyumbani walipita pembeni. Chuo cha Chicago ndicho kikajijengea jina kuwa chimbuko la sosholojia ya Marekani, na kwa miaka mingi vitabu vya kufundishia vilieleza hivyo, huku jina la Du Bois likiwa halimo.

Hakuwahi kuwa rais wa chama hicho cha wanasosholojia. Alifariki Accra, Ghana, tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95. Kesho yake watu zaidi ya 200,000 walikusanyika Washington kwenye yale maandamano ya Martin Luther King, na habari za kifo chake zikatangazwa pale pale jukwaani.

Nisiwadanganye kwamba hakuna mtu mweusi aliyetambuliwa. E. Franklin Frazier wa Chuo Kikuu cha Howard alichaguliwa rais wa chama mwaka 1948, wa kwanza mweusi, na mwaka 1956 akapata tuzo ya kitabu. Lakini rais mweusi wa pili, William Julius Wilson, alikuja mwaka 1990. Hesabuni wenyewe: miaka 42.

Kilichobadilisha mambo ni watu waliokataa kunyamaza. Mwaka 1971 ilianza kutolewa tuzo yenye majina matatu, Du Bois, Charles S. Johnson na Frazier, kwa kazi inayofuata njia ya wasomi hao weusi. Wa kwanza kuipokea alikuwa Oliver Cromwell Cox, mzaliwa wa Trinidad. Huyu naye aliugua polio akatembea kwa magongo maisha yake. Mwaka 1948 alitoa kitabu kikubwa kuhusu matabaka na ubaguzi wa rangi, na alifundisha miaka mingi katika chuo kidogo cha watu weusi huko Missouri, mbali na vyuo vyenye majina. Alifariki mwaka 1974. Kwa hiyo aliipokea tuzo yake akiwa hai, lakini ilibaki miaka mitatu tu.

Halafu wanachama wakasema, kwa nini tuzo kubwa kuliko zote, ile ya utafiti wa maisha yote, haina jina la Du Bois? Mmoja wa waliosukuma sana jambo hili ni profesa Aldon Morris. Wakahamasishana, kura zikapigwa, na tangu mwaka 2006 tuzo hiyo inaitwa kwa jina la W.E.B. Du Bois. Kwenye ile tuzo ya majina matatu nafasi yake akapewa Cox. Yaani mshindi wa kwanza akageuka kuwa jina la tuzo yenyewe! Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kikampa Du Bois cheo cha profesa wa heshima, karibu miaka 50 tangu azikwe. Mwaka 2015 Morris akatoa kitabu kinachoeleza jinsi Du Bois alivyonyimwa nafasi yake, na mwaka 2020 Morris mwenyewe akapewa tuzo ile ile aliyoipigania ibadilishwe jina.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee kama ndugu. Sisi kwetu tuna ufundi mkubwa wa kuandika sifa za mtu, ila tunauweka mpaka siku ya mazishi. Wasifu wa marehemu unasomwa vizuri, shule alizofundisha, yatima aliowalea, visima alivyosimamia, watu wanalia, na mwenyewe amelala hasikii neno. Barua ya kupendekeza jina kwa ajili ya tuzo ni kama wasifu huo huo, tofauti yake ni kwamba mhusika bado anapumua. Du Bois alipewa wasifu mzuri sana miaka 43 baada ya kufa. Cox alipewa akiwa hai, na nadhani mtakubaliana nami ipi ni bora.

Najua kuna mzee atasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, wapo wanaovimba kichwa. Lakini wangapi mnawajua waliokata tamaa kwa kutosifiwa kabisa? Ipo pia hoja nyingine ya haki kuhusu tuzo hizi, kwamba barua nzuri huandikwa na watu wenye nafasi na wanaojuana. Mwalimu wa chuo kidogo mwenye madarasa matano hana rafiki mwenye muda wa kumuandikia. Hoja hiyo mimi naikubali kabisa. Lakini dawa yake ni barua ziongezeke, ziandikwe na wanafunzi wake pia, na wenzake anaofanya nao kazi.

Huko nyumbani wapo wa aina hiyo. Kuna bwana au bibi maendeleo anayejua kila kaya ya kata yake, nani analala njaa na kwa nini. Kuna mwalimu aliyewafundisha baba na mtoto. Hawa nao wanafanya kazi ile ile ya Du Bois ya kupita nyumba hadi nyumba. Kwenye shule, kwenye halmashauri, kwenye chama cha walimu na kwenye misikiti na makanisa ziko nafasi za kutaja jina la mtu na kuandika ukurasa mmoja juu yake. Msisubiri kamati iwagundue, kwa sababu haitawagundua. Mjomba, nakuanzia wewe: yule mwalimu wako wa hesabu unayemsimulia kila sikukuu, bado yupo hai. Chukua kalamu.

Wasalimieni wote. Tukijaaliwa tutaonana tena.