Madonge ya Tende: Chakula cha Wasafiri

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia hapa Maskati, huzuka ubishi katika nyumba zetu. Waliozaliwa Unguja husema madonge ya tende ni chakula cha kwao. Wakwe zetu waliozaliwa huku hujibu kwamba sisi tulikuja tukayakuta. Na vijana wetu huyanunua dukani kwa vipakiti, wakidhani ni jambo jipya kutoka Ulaya. Nimeona ni wajibu kuandika ninayoyajua, kabla waliotufunza hawajamalizika.

Jambo lenyewe ni la kale sana. Waarabu wa zamani wakisafiri na sawiki, yaani unga wa shayiri au ngano iliyokaangwa, unaolika bila ya kupikwa tena. Mwaka 624 Makureishi walipokimbia kutoka pande za Madina, walitupa mifuko yao ya sawiki wapate wepesi, na vita vile vikapewa jina la chakula hicho. Kulikuwa pia na haisi: tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, vikichanganywa pamoja. Haisi ndiyo iliyokuwa walima ya Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiya baada ya Khaybar, mwaka 628.

Aliyetuachia vipimo ni Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1226. Yeye alitia ratili 1 ya mkate mkavu uliosagwa, robo tatu ya ratili ya tende zilizotolewa kokwa, wakia 3 za lozi na pistashio, na wakia 2 za mafuta ya ufuta. Vyote hukandwa kwa mkono, hufinyangwa vidonge, kisha hunyunyizwa sukari. Mwenyewe amekisifu kuwa ni chakula kinachowafaa wasafiri.

Siri yake si tanuri, ni tende. Sukari yake nyingi huyazuia maji, hata tende ikachelewa kuharibika. Na kunata kwake hushika kila kikavu unachokitia.

Amma huku kwetu baharini, tende za Oman na Basra zikishuka Unguja kwa kaskazi, zimeshindiliwa katika makanda. Majahazi yakirudi kwa kusi na boriti na karafuu. Hata meli Sultana, aliyoituma Seyyid Said pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilipofika New York tarehe 30 Aprili 1840, ilikuwa na tende za Maskati na karafuu za Unguja katika tumbo moja.

Basi na donge letu ni hivyo hivyo. Tende na ufuta ni mkono wa huku. Nazi na karafuu ni mkono wa kule. Anayetaka kuligawa atabaki na makombo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zetu walitawanyika, na wengi hawakufika Oman mpaka baada ya 1970. Sisi tuliondoka kwa jahazi. Bahari ilichafuka, moto haukuwashwa siku tatu, na watoto tulilishwa madonge aliyoyafunga mama katika kitambaa. Hakuchukua dhahabu, alichukua hayo.

Nyumbani kwetu hufanywa hivi. Chukua nusu kilo ya tende laini, utoe kokwa, uponde. Tia kikombe 1 cha ufuta uliokaangwa bila mafuta, kikombe 1 cha korosho zilizotwangwa, nusu kikombe cha nazi kavu, punje 6 za iliki na karafuu 2 zilizosagwa. Paka samli viganjani, kanda, kisha viringisha kiasi cha ndimu ndogo. Mengine hugaagazwa kwenye ufuta. Usitie sukari.

Nawaomba jamaa wa Dubai, London na kwengineko, kila nyumba iandike vipimo vyake pamoja na jina la aliyewafunza, tuvitie katika kitabu cha mwakani. Vipimo vikipotea tutanunua dukani. Jina likipotea halinunuliki.

Wabillahi tawfiq.